Sura ya Sita: Mulika Njia

Simama saa tatu usiku, hatua ishirini kutoka geti la ploti yoyote ya Umoja au Kayole yenye taa kubwa ya sikyuriti, kisha inua kiganja uikinge taa ile isikupige machoni. Tazama chini yake. Utamwona mlinzi kwenye kiti chake cha plastiki, mkokoteni ulioegeshwa, maji machafu yanayovuka njia, na pengine mtu aliyeegemea ukuta ambaye hukujua kama yupo. Sasa shusha mkono. Vyote vinapotea. Unabaki na duara jeupe linalochoma macho, na kando yake weusi mtupu.

Nimewaomba majirani wengi wafanye jaribio hili, na karibu kila mmoja hunyamaza kwanza. Taa tuliyoifunga imfichue mwizi ndiyo inayomsitiri. Kiswahili kina neno la hali hiyo, tena fupi: kiwi. Mwanga ukikupiga usoni hadi usione, umekutia kiwi. Mwanga mkali ukiingia jichoni hautui mahali pamoja. Husambaa kama taa za gari kwenye kioo chenye vumbi, ukafunika kila kitu hafifu kilicho jirani yake. Mboni nayo hujifinya. Zile chembe za jicho zinazotuwezesha kuona gizani, ambazo huhitaji dakika 20 hadi 30 kuuzoea usiku, hupoteza mazoea hayo mara moja. Kwa wazee hali huwa mbaya zaidi, maana lenzi ya jicho hupungua wangavu kadiri umri unavyosonga. Katika ploti yetu kuna bibi wa ghorofa ya kwanza anayetembea vizuri kwenye koridoo yenye balbu moja ndogo, lakini akifika getini penye taa kubwa hunyoosha mkono kutafuta ukuta.

Kabla sijazilaumu taa, lazima nizungumze habari ya giza, kwa kuwa wengi wanaolisifu giza la Nairobi hulipita wakiwa ndani ya gari. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti kuhusu maisha ya wanawake wa mitaa ya mabanda, ikiwamo Mathare, Korogocho na Mukuru kwa Njenga. Ripoti ile ilirudia tena na tena safari ya kwenda chooni. Choo kiko mbali na nyumba, njia ni nyembamba, usiku umeingia, na mwanamke anajua kwamba akitoka huenda akabakwa. Basi hatoki. Anajisaidia ndani, kwenye mfuko wa plastiki, asubuhi atafute pa kuutupa. Kila ninachoandika katika sura hii nakiandika nikimfikiria huyo, na yeyote atakayemwambia kwamba taa ni anasa, au kwamba azime ili watu wengine waone nyota, hajaelewa chochote.

Ndiyo maana taa zilipofika zilipokewa kwa furaha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Adopt-A-Light, iliyoanzishwa na Esther Passaris, ambaye mwaka 2017 alichaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Nairobi, ilianza kuwasha barabara za jiji kwa fedha za matangazo yaliyotundikwa kwenye nguzo. Baadaye ikapeleka milingoti mirefu kwenye mitaa ya mabanda. Kuanzia 2011 mradi wa serikali wa kuboresha makazi duni, KISIP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wengine, ukasimamisha milingoti mingine katika miji mingi. Mlingoti wa namna hii hufikia mita 30, karibu urefu wa ghorofa kumi, na juu yake kuna taji la taa zinazotazama pande zote. Wananchi wakaupa jina: mulika mwizi, jina lilelile tunaloiitia simu ndogo ya bei nafuu yenye tochi.

Chini ya mulika mwizi maisha yalibadilika, na sitakubali mtu aseme vinginevyo. Mama mboga aliyekuwa akifunga meza saa moja akaanza kuuza hadi saa nne. Karai la viazi likasogezwa kwenye mwanga, mutura ukafuata, kinyozi naye akaacha mlango wazi. Watu wengi wakiwa njiani, mwenye nia mbaya hukosa nafasi. Huo ni ulinzi ambao taa peke yake haiuleti. Huletwa na watu waliovutwa na taa.

Lakini ondoka pale sokoni, ingia ndani ya kijiji. Vichochoro vya Mathare vina mahali ambapo mtu mmoja na ndoo yake ya maji hupita kwa shida, na mabati ya nyumba za pande mbili karibu yagusane juu ya kichwa. Mwanga wa mlingoti ulio mbali hauwezi kushuka humo. Unatua juu ya mapaa, unayafanya yang'ae kama ziwa, na kichochoro kinabaki cheusi, tena cheusi kuliko zamani, kwa kuwa unayekiingia umetoka kwenye kiwi. Njia ya choo, ile hasa iliyoandikiwa ripoti, imerukwa.

Na mwanga ule uliokosa njia unaingia ndani. Niliwahi kulala kwenye chumba cha mabati umbali mfupi kutoka mlingoti mmojawapo. Kila tundu la msumari wa zamani lilikuwa limepenyeza uzi wake wa mwanga, na sakafu, blanketi na mashavu ya watoto yalikuwa na madoa meupe. Mama mwenye chumba alikuwa amebandika plasta juu ya matundu yaliyo karibu na kitanda. Aliniambia mtoto mdogo akiamka usiku wa manane huanza kucheza, akidhani kumekucha.

Kuna hesabu hapa ambayo kila fundi wa stima anaijua kwa mkono hata kama hajaiandika. Ukiihamisha taa kutoka mita 30 juu hadi mita sita, mahali palepale chini yake hupata mwanga mara 25 zaidi, kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Kwa hiyo kazi ya kuangaza kichochoro haihitaji jua bandia. Inahitaji balbu ndogo, nyingi, zilizo karibu na kichwa cha mpitaji, chini ya ukingo wa bati, zikitazama chini. Na mlingoti una udhaifu mwingine: ni mmoja. Waya ukiibiwa au fyuzi ikakatika, kijiji kizima kinarudi gizani kwa usiku mmoja. Taa ndogo arobaini haziungui pamoja.

Wanaoishi Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wana haki ya kushuku wanaposikia habari ya kupunguza mwanga. Historia ya umeme wa Kenya husimuliwa kuanzia Unguja, kwenye jenereta ambayo Sultani Seyyid Barghash aliinunua mwaka 1875 iwashe kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Mwaka huohuo kukaanzishwa kampuni ya kuleta umeme Nairobi. Tangu siku ile ya kasri, taa imetangulia kwenda kwa mkubwa. Mitaa iliyojengwa na wakoloni upande wa mashariki wa reli ili wafanyakazi Waafrika wawe mbali na macho ilingoja zamu yake. Aliyengoja hivyo hawezi kuambiwa arudishe alichopata. Anachostahili ni kuambiwa kwamba alipewa kitu kibovu, na kwamba kizuri kipo.

Ubovu wenyewe una sehemu mbili, mwelekeo na rangi. Mwelekeo nimeugusa. Rangi haizungumzwi sana, ingawa ndiyo inayobadilisha usiku wetu mbele ya macho yetu. Kwa miaka mingi taa za barabarani za Nairobi zilikuwa za sodiamu, zenye mwanga wa rangi ya chungwa. Sasa zinaondolewa na LED nyeupe, na sikyuriti za ploti karibu zote ni nyeupe inayoelekea samawati. LED ni teknolojia nzuri. Hutumia stima kidogo, hudumu, na huweza kuelekezwa mahali hasa panapotakiwa. Tatizo ni aina inayochaguliwa. Chukua boksi la balbu kwenye duka la hadiwea, utaona namba inayofuatwa na herufi K. Ikiwa 2700 au 3000, mwanga utakuwa wa manjano tulivu, kama wa taa ya chemni. Ikiwa 6500, utakuwa mweupe mkali wenye samawati nyingi. Mwanga wa samawati hutawanyika hewani kuliko rangi nyingine, na kwa sababu hiyohiyo anga la mchana ni la samawati. Usiku hutawanyika vilevile, ukalitandika juu ya jiji shuka la weupe. Tena ndio unaouzuia zaidi mwili kutoa melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umefika. Ufaransa, kwa agizo la Desemba 2018, iliweka kikomo cha 3000 kwa sehemu kubwa ya taa mpya za nje.

Hapa Nairobi tuna sababu yetu wenyewe ya kuukimbia mwanga mweupe, na ina miguu sita. Mvua zikinyesha kwa wingi hutokea mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayeitwa Nairobi fly kwa Kiingereza, ingawa si nzi bali ni jamii ya mbawakawa. Hang'ati wala haumi. Lakini ukimponda juu ya ngozi hutoa sumu iitwayo pederini, na kesho yake una mchirizi wa malengelenge kama uliochomwa na maji moto. Ukijifuta jicho kwa mkono uleule, jicho linavimba. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimleta kwa wingi ambao wakazi wa Nairobi bado wanaukumbuka. Huvutwa na taa, hasa nyeupe. Balbu inayowaka juu ya dirisha usiku kucha humwita kutoka kwenye majani na kumleta kitandani. Tulifunzwa tumpulize, tusimponde. Ni kweli, lakini tungeanza kwa kutomwalika.

Kumbikumbi ni habari ya furaha zaidi. Mvua ya kwanza ya masika ikipita, hupanda kutoka ardhini kwa maelfu, wakazizunguka taa hadi mbawa zao zifunike lami. Watoto wa Dandora na Kariobangi hushika sufuria na kuwaokota, wakawakaanga. Nimekula na nitakula tena. Lakini wale wanaozunguka taa walikuwa wakienda kutafuta wenzi na mahali pa kuanzisha makazi mapya, na taa inawamaliza pale pale walipo. Na wadudu wengine wanaokufa kwenye taa usiku hadi usiku, ambao hakuna mtoto anayewangoja na sufuria, hatuwahesabu.

Anayetaka kuona nguvu ya taa juu ya viumbe aende Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Hoteli ya pale ilipoanza kazi mwaka 1969, iligunduliwa kwamba usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, Novemba na Desemba, taa zake huwateremsha ndege wahamaji wanaopita juu kutoka Ulaya na Asia. Wanasayansi waliigeuza ajali hiyo kuwa kazi: tangu mwaka ule hukusanyika pale, huwanasa ndege kwa nyavu, huwavisha pete ndogo miguuni na kuwaachia. Pete hizo zimetufundisha mengi kuhusu safari zao. Lakini mimi huwaza juu ya Nairobi, ambayo taa zake ni nyingi mara zisizohesabika, na hakuna anayengoja na wavu mpole. Pwani hali ni hiyohiyo: watoto wa kasa wakitoka mchangani Watamu huelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Hoteli ikiwasha taa kuelekea ufukweni, huelekea hotelini.

Kisha kuna anga lenyewe. Ramani ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawaoni tena ule mkanda wa nyota uitwao Njia ya Maziwa kutoka nyumbani kwao. Mwaka 2023 watafiti waliokusanya hesabu za watu wa kawaida wanaotazama nyota wakakadiria kwamba weupe wa anga la usiku ulikuwa ukiongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka tangu 2011. Kwa mwendo huo, mtoto aliyezaliwa mahali penye nyota 250 zinazoonekana, akifika miaka 18 atabakiwa na 100 hivi.

Sisi tulilitumia anga lile. Kilimia, kile kichala kidogo cha nyota, kilipewa jina kutokana na kulima. Wazee walikuwa wakitazama siku kinapozama magharibi jioni, wakaona kama ni wakati wa jua au wa mvua, na wakabashiri hali itakayokuwapo kitakapozuka tena alfajiri. Hicho kilikuwa kitabu cha mkulima, na hakuhitaji kukinunua. Kila Januari, saa mbili usiku, kilimia kiko juu kabisa ya Eastlands upande wa kaskazini, na nimekutana na vijana wa miaka ishirini wanaolijua jina hilo kutoka kwenye kamusi tu. Pumwani, ambako Waswahili wa Nairobi wameishi kwa karne moja sasa, mwisho wa Ramadhani watu bado hupanda juu ya nyumba kuutafuta mwezi mwandamo. Mwezi huo mchanga huwa chini kabisa magharibi, kwa dakika chache baada ya machweo, na mawingu ndiyo adui wake mkubwa. Lakini upande huohuo wa magharibi ndiko lilipo katikati ya jiji, na mabango yake ya matangazo yamekwisha kuwaka.

Swali linalorudi kila ninapozungumza habari hizi kwenye mkutano wa mtaa ni moja, na ni la haki: ukipunguza mwanga, wezi hawatazidi? Nijibu bila kuficha. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa kali kwenye baadhi ya mitaa ya nyumba za umma, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa asilimia 36 hivi. Anayesema taa hazisaidii usalama anajidanganya. Kwa upande mwingine, utafiti wa 2015 uliohusisha halmashauri 62 za Uingereza na Wales haukupata ushahidi kwamba kupunguza au kuzima taa za barabarani usiku wa manane kuliongeza uhalifu au ajali. Uingereza si Mathare, na mimi sitaki hata taa moja izimwe Mathare. Ninachochukua kutoka matokeo yote mawili ni kwamba haitoshi kuuliza mwanga ni mwingi kiasi gani. Uliza unaangukia wapi, wakati gani, na nani anatembea chini yake.

Wa kuulizwa yupo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti taa za barabarani, na linazikabidhi pia udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele, kero nyingine za umma na matangazo ya nje. Kelele zina kanuni zake za kitaifa tangu 2009. Baa ikikukosesha usingizi unajua pa kushtaki. Mwanga haukutajwa kwa jina. Naona unaingia wazi kabisa katika hizo kero nyingine, na kaunti inaweza kutamka hivyo kesho: kila taa mpya ya nje ifunikwe juu, itazame chini, isizidi 3000, na bango lipunguze ukali saa nne usiku.

Lakini ploti haihitaji kungoja kaunti. Taa ya getini kwetu ilikuwa ya wati 100, imefungwa kwenye ukuta wa ghorofa ya pili, imeinuliwa kama inayotafuta ndege. Iliwaka saa kumi na mbili na nusu jioni hadi alfajiri, maana hapa karibu na ikweta usiku haupungui sana mwaka mzima; saa 12 kwa siku 365 ni saa 4,380, yaani yuniti 438 za stima zinazolipwa na wapangaji. Nusu ya mwanga huo ilikwenda kwenye madirisha ya ploti ya mkabala, na jirani mmoja alikuwa ameziba dirisha lake kwa gunia. Tulizungumza na mwenye nyumba kwa miezi miwili. Hakujali nyota, na sikumwambia habari za nyota. Nilimpeleka getini nikamwomba ainue kiganja.

Jumamosi moja ya Januari fundi akaja na ngazi. Aliishusha taa kutoka ghorofa ya pili hadi juu kidogo ya geti, akaipinda hadi uso wake ukatazama saruji, akakata kipande cha bati na kukikunja kiwe kofia. Badala ya ile ya wati 100 akaweka ya wati 30, yenye namba 3000. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko mjadala. Usiku ulipoingia, mlinzi alisimama nje ya geti na mikono kiunoni, hana raha, kwa sababu alizoea kuona ukuta wa mbele ukiwaka na sasa ulikuwa umezimika. Kisha akatazama chini. Kulikuwa na shimo kwenye mtaro, kando kabisa ya njia ambayo kila mtu hupita, mahali ambapo kipande cha zege kilikuwa kimevunjika. Alikuwa amelinda lango lile miaka mitatu. Alikwenda akaleta jiwe la kuketia, akaliweka juu ya shimo, akalijaribu kwa mguu. Bibi wa ghorofa ya kwanza akatoka kwenda dukani, akapita getini mikono yake ikiwa ndani ya khanga.